Mkebe wa Mnanaa

Kaloleni,
Jumamosi jioni

Mueni mwanangu,

Kukuuliza hali ni mchezo, kwa sababu umetoka hapa sasa hivi kwenda ukumbini kuagana na wanakwaya wenzako, tena umetoka na viatu vyangu. Nilikuona. Nilikuacha tu kwa sababu nilitaka uende haraka, nipate kuandika kabla stima haijaanza vituko vyake vya kuzimika.

Kesho jioni treni inakupeleka Mombasa, chuo cha mapishi. Sanduku lako liko hapa karibu na mlango, limefungwa kwa ile kamba ya marehemu baba yako, na kila nikipita naligonga kwa goti. Mambo ya kufua, ya kanisa, ya wavulana wa Pwani na maneno yao matamu, sitayaandika. Mama Nafula amekuhubiria wiki nzima pale kwenye kibanda chetu cha mboga, na jirani yule akimaliza kuhubiri hakuna kilichobaki cha mtu mwingine kusema. Mimi nataka kukuandikia habari za majani ya kupikia. Najua utacheka. "Mathe naye, hata barua ni dania." Cheka, lakini soma usiruke. Kuna jambo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo miaka miwili, na nisipokuambia sasa utaondoka ukiamini uongo niliokuambia mimi mwenyewe.

Nitalifikia. Nipe nafasi nianze ninapopajua.

Wewe umenikuta ninajua kazi. Umekua ukiona watu wakitoka mpaka Donholm kuja kununua dania kwetu, wakisema ya Mama Mueni inakaa siku nne haijaguswa na kitu. Hukuniona nilipoanza. Ulikuwa mgongoni, umelala. Nilitazama wenzangu pale nje ya soko wanafanya nini, nami nikafanya. Kila mmoja alikuwa na kopo lenye matundu kwenye kifuniko, na jua likipanda ananyunyiza maji. Dania inasimama, inang'aa, mteja anapita anasema hii imetoka shamba leo. Nikatoboa kopo langu. Jioni, iliyobaki nikaiosha vizuri kabisa, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikakaza fundo, nikijiona mtu msafi. Asubuhi nikafungua fundo, nikapokewa na harufu ya mtaro.

Kulikuwa na mpishi mmoja, mtu wa kwetu Makueni, alikuwa anapikia hoteli ndogo ya mjini. Alinunua kwangu Ijumaa, akarudi Jumamosi. Hakupiga kelele. Alifungua mfuko chini ya pua yangu, ndani majani yamekuwa meusi, yanateleza, akaniambia, "Dada, hii ulinipa nzuri ya macho tu." Halafu akaketi kwenye debe langu, mtu ambaye angeweza kunitukana mbele ya watu, akanifundisha. Dania usiioshe mpaka unapotaka kupika. Maji iyanywe kwa mizizi, yasikae kwenye majani. Isimamishe kwenye kikombe chenye maji ya vidole viwili, uifunike juu na nailoni bila kufunga, ipate kupumua, na maji ubadilishe kila asubuhi. Kama mizizi imekatwa, ifunge kwenye kitambaa kilichokamuliwa mpaka kikaacha kudondosha. Na kabla ya yote hayo, chambua. Jani moja likianza kuoza, lililo karibu yake halimalizi siku.

Hayo unayajua, nimekupigia kelele nayo tangu ukiwa darasa la tatu. Ambalo hulijui ni kwamba baada ya kufundishwa niliendelea kunyunyiza maji mwaka mzima. Mwaka mzima, Mueni. Nilijua dania ya watu itaoza kwenye nyumba zao, na nikanyunyiza, kwa sababu jirani zangu walinyunyiza na yangu bila maji ilionekana imezeeka. Yule mpishi nilimwekea yake kavu pembeni, kwa adabu. Wengine wakaenda na ya macho. Nakuambia hili mapema ujue mama yako ni mtu wa aina gani akiogopa. Haogopi kufanya kitu anachokijua si kizuri. Anaogopa tu kubaki peke yake na kikapu kimejaa.

Ya kukausha nilifundishwa na nyanya yako, na hapo pia nilikuwa mkaidi. Kule kwetu mvua ikikosa mara mbili kila mwenye akili anajua kukausha. Yeye alikuwa anafunga matita madogo, madogo ya kushikika kwa vidole viwili, anayaninginiza kichwa chini ndani ya ghala pale upepo unapopita. Jua halioni ndani. Mimi nilipoolewa nikaja hapa Kaloleni, nikaona paa la mabati linawaka moto mchana kutwa, nikasema nyanya yako alikuwa anapoteza wakati. Nikatandaza rosemari juu ya mabati. Kwa siku moja ilikauka, kweli. Ilikauka ikawa nyasi. Baba yako aliichukua, akainusa, akaniuliza kama tumeanza kufuga ng'ombe.

Huyo baba yako. Unamkumbuka alivyokuwa na maandishi yake, karani wa stoo ya reli mpaka nyumbani. Kila mkebe ulikuwa na karatasi imebandikwa: CHUMVI, MCHAICHAI, ROSEMARI. Wewe ulijifunza kusoma kwa mikebe ile. Wa mnanaa ndio aliupenda zaidi, ule uliokuwa wa maziwa ya unga, wenye kifuniko cha kubana mpaka ukitoe kwa mpini wa kijiko. Mnanaa wenyewe aliupanda hapo karibu na bomba, na wateja wa Kihindi wakauita minti wakauchukua wote, ila kila mwaka nilikuwa nabakiza mavuno mamoja ya kukausha. Nilikuwa nimeshakuwa hodari. Nilikausha kivulini mpaka jani linavunjika likilia. Nilitia majani mazima, sikuyasaga, kwa sababu jani likisagwa harufu inatoka yote siku hiyo hiyo. Nilingoja siku tatu nikafungua kuangalia kama kuna jasho ndani ya kifuniko. Likiwepo jasho, hayajakauka, yatoe tena nje au utakula ukungu. Halafu mkebe niliuweka mbali na jiko, mbali na mvuke, mbali na dirisha.

Na mbali na baba yako. Hapo ndipo penye kosa langu la pili.

Alipoanza kukohoa, mwaka ule baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, aliniomba chai ya mnanaa. Nikamwambia ule wa mkebe ni mzuri, nimewawekea wageni wa jumuiya ya kanisa, ngoja uchume mbichi ukiota vizuri. Bomba lilikuwa limekauka wiki tatu, mnanaa gani ungeota? Akasema sawa. Unajua alivyokuwa akisema sawa. Alikunywa ya strungi, chai kavu isiyo na maziwa, siku hizo zote, na wageni wa jumuiya hawakuja, na mwezi wa tatu tukamzika. Siku ya matanga Mama Nafula akaingia jikoni akaufungua mkebe awapikie watu chai. Nilimwona anayanusa majani, anayasugua viganjani, ananusa tena. Akaniangalia akasema, "Mama Mueni, hii imekwisha." Majani yalikuwa mazima, ya kijani, hayana ukungu, hayana mdudu. Harufu haikuwepo. Nilikuwa nimeyaweka miaka miwili.

Nililia sana siku ile, watu wakadhani nalilia mwili. Nililia chai.

Sasa nimefika.

Unakumbuka mwaka uliofuata matokeo yako ya kidato cha nne. Ulijaza fomu za chuo hiki hiki unachokwenda kesho. Anwani uliandika sanduku la posta la kanisa kwa sababu hatukuwa na letu, na ufunguo wa sanduku hilo ulikuwa kwangu, mimi ndiye niliyekuwa nachukua barua kila Jumatano na kumpelekea katibu. Kila Jumatano jioni ulikuwa unakuja mbio mpaka kibandani. "Mum, kuna kitu?" Nami nakujibu hakuna. Ulikuja Jumatano nyingi. Siku ya mwisho hukuuliza, ulinitazama tu, nikatikisa kichwa, ukaanza kupanga sukuma wiki. Ukasema bila kugeuka, "Kumbe mimi ni kichwa maji tu."

Barua ilikuwa imekuja, Mueni. Ilikuja Jumatano ya tatu.

Ilikuwa na jina lako lote, limepigwa chapa. Niliifungua, jambo ambalo sikupaswa kufanya, hapo hapo kwenye ngazi za posta. Walikuwa wamekuchukua. Waliandika siku ya kuripoti, na vitu vya kuja navyo: aproni mbili nyeupe, visu, kofia. Nilisoma nikafurahi, nataka ulijue hilo. Kwa muda wa kutoka posta mpaka kuvuka reli nilifurahi kama mtu mwenye akili zake. Halafu nikaingia nyumbani. Ulikuwa umeenda soko la Marikiti kuchukua mzigo. Kiti cha baba yako kilikuwa pale. Nikakaa kwenye stuli nikakitazama, nikahesabu watu watakaokuwa wanakula chakula cha jioni nyumba hii kuanzia mwezi ule. Nikaona ni mmoja.

Nikautoa ule mkebe wa mnanaa, nikamwaga majani yale yaliyokuwa yamekwisha, nikaupangusa, nikaiweka barua ndani. Nilijiambia ni kwa siku moja. Nitampa kesho baada ya kula. Kesho ilipofika ulikuwa umechoka. Keshokutwa ulikuwa unacheka na Mama Nafula kuhusu kitu fulani na nyumba ilikuwa na sauti. Nikasema Jumapili. Siku ya kuripoti ilipofika nilikuwa nachambua dania, natupa majani mazima na kubakiza yaliyooza, mpaka ukaniuliza kama nina malaria. Nikasema ndiyo. Ukaenda kuninunulia dawa, nami nikazinywa.

Nimejaribu kutafuta neno zuri zaidi ya ubinafsi sikulipata. Sikufanya kwa ajili yako. Watu husema, "Nilitaka akomae kwanza, nilitaka amalize msiba wa baba yake." Hayo nimeyasema kwa Mungu kila usiku na sidhani ameyakubali. Nilifanya kwa sababu niliogopa jioni. Nilikuchukua ukiwa umeiva, una miaka kumi na tisa, nikakutia nailoni nikakaza fundo, tena mimi, mtu niliyefundishwa kuacha bila kufunga.

Kisha nikakutazama miaka miwili. Ulikuwa unafanya kazi vizuri, hata vizuri kuliko mimi. Wateja walikupenda. Lakini uliacha kusoma vile vitabu vyako vya mapishi, ukampa mtoto wa Mama Nafula. Mtu akikusifu pilau unasema ni bahati. Kwaya walipokutaka uwe kiongozi ulisema wachague mwenye kichwa. Nilisikia kila neno. Kila neno lilikuwa langu.

Mwaka huu ukajaza fomu tena, kimya kimya, ukatumia sanduku la posta la kazini kwa shangazi yako. Sijui kama ulikuwa unanishuku. Sitakuuliza. Barua ilipokuja uliniletea wazi, ukaniwekea mapajani, ukasema, "Safari hii wamenihurumia." Na ukacheka. Mimi nikakukumbatia, nikasema Mungu ni mwema, na nikashindwa kusema lililobaki. Wiki sita zimepita tangu siku hiyo. Nimekushonea aproni, nimekununulia kisu, nimekupikia kila kitu unachokipenda, na nimeshindwa.

Basi nakuambia. Hawakukuhurumia. Walikuchukua mara ya kwanza, kwa alama zako, wakiwa hawakujui. Walikuchukua na mara ya pili. Aliyekukataa alikuwa mmoja tu, na alikuwa mama yako. Ukiingia darasani Jumatatu ukawakuta wadogo kuliko wewe, wanaokata vitunguu kwa mbwembwe, usikae nyuma kana kwamba umeingia kwa mlango wa uani. Kiti hicho ni chako tangu miaka miwili iliyopita. Hilo ndilo ninalotaka uende nalo. Mengine yote, hata kunisamehe, yanaweza kungoja, na yasipokuja nitajua sababu.

Nina kitu kimoja tena cha majani, kisha nimalize. Mombasa hewa ina maji. Ukinunua viungo vikavu huko nunua kidogo kidogo, viishe. Usivipukute kutoka kwenye mkebe moja kwa moja juu ya sufuria inayochemka, mvuke utaingia ndani na kesho utakuta vimeshikana. Usichote kwa kijiko chenye maji. Kila baada ya miezi michache sugua kiganjani unuse, na kama harufu imekwenda, mwaga bila kuona huruma. Wala usimwekee mgeni asiyekuja. Mtu akikuomba chai na majani unayo, mpikie siku hiyo.

Mwaka huu nimekausha mnanaa mpya, wa bomba lile lile la baba yako. Nimekutilia kwenye mkebe wake. Karatasi yake bado imeshika, MNANAA, ile N ya pili imepinda kidogo kama alivyokuwa anaipinda. Barua yako ya kwanza imo humo ndani, chini ya majani. Niliitoa leo asubuhi nikaitazama. Haijapata hata doa. Haijakunjamana, haijabadilika rangi, wino umekaa kama jana. Najua kuhifadhi kitu, hakuna wa kunifundisha.

Nataka kukuambia mpango wangu ulikuwaje. Nilikuwa niweke na hii barua humo humo kwenye mkebe, nikaze kifuniko, nikutilie katikati ya nguo, uikute ukishafika. Ungesoma ukiwa mbali. Ungekasirika ukiwa mbali. Mimi ningekuwa hapa nauza dania, sioni uso wako. Nimeandika mpaka hapa nikiwa na mpango huo.

Halafu nimeushika mkebe mkononi nikajiona. Mama huyu huyu, mkebe huu huu, barua ya pili.

Hapana. Nitakupa mkononi leo, nami nikae kwenye stuli mpaka umalize kusoma. Ukitaka kunisema, niseme hapa hapa. Ukitaka kwenda kulala kwa Mama Nafula, nenda, nitakuletea sanduku asubuhi. Ukitaka kesho stesheni ukasindikizwe na yeye na si mimi, nitakaa kibandani, nitaisikia treni ikipita. Na Desemba usipokuja nitakula peke yangu, jambo ambalo ningeanza kujifunza miaka miwili iliyopita.

Ninakupenda. Nilikupenda vibaya, lakini nilikupenda.

Nakusikia langoni na wanakwaya wenzako. Mnacheka, na viatu vyangu vinagonga saruji. Mkebe uko mezani, kifuniko nimeshakitoa.

Mama yako